Kiti Karibu na Spika

Masikio yangu hayakufa. Nataka hilo lieleweke kwanza, kwa sababu huku Uriri watu wanapenda kusema "yule mzee wa kisiagi ni kiziwi," halafu wananipigia kelele usoni kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Mimi nasikia. Nasikia jogoo wa jirani. Nasikia lori likibadilisha gia kule barabarani likielekea Migori. Nasikia mvua ikianza upande mmoja wa mabati na kuhamia upande wa pili. Kilichoniacha ni kitu kingine, na kwa muda mrefu sikujua nikiiteje. Maneno ya watu yaliacha kutengana.

Shuleni nilikaa kidogo. Mwalimu alipoanza kuchanganya hesabu na herufi niliona ananichezea, nikaenda kukata miwa. Kutoka kwenye miwa nikaingia kuchemsha sukari guru, na kutoka huko nikanunua injini kuukuu ya dizeli ambayo mwenyewe alikuwa ameikatia tamaa. Niliifungua yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikaifunga tena. Iliwaka, nikaifungia mashine ya kusaga unga, na hicho ndicho kisiagi changu. Injini hiyo imejenga nyumba yangu na kusomesha watoto, na wale niliowasagia unga wa uji wao wa kwanza sasa wanakuja na watoto wao mgongoni. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Nikisema najivunia, ninasema kweli.

Ndani ya kisiagi hakuna anayengoja kusikia. Injini ikiwaka, mama anaingia na debe kichwani, ananitazama usoni, anasema neno lake kwa mdomo mpana: "Laini." Au: "Ya kuku." Nami namjibu kwa kidevu. Nimefanya mazungumzo marefu humo, ya ugonjwa, ya mashamba, ya nani ametoroka na nani, na nikitoka nje siwezi kukuambia ni maneno gani niliyasikia na yapi niliyaona. Sikuwahi kuuita huo ujuzi. Ni kazi.

Siku niliyojua kuna jambo ni siku niliyofuatana na mke wangu sokoni Migori. Mhubiri alikuwa na kipaza sauti upande huu, muuza dawa za panya ana chake upande ule, bodaboda zinanguruma katikati. Mke wangu alikuwa ameinama juu ya omena, dagaa wa ziwani, anazichambua, na mwenye omena ameangalia pembeni huku ameshika leso mdomoni kwa sababu ya vumbi. Hawakuangaliana hata kidogo. Na walikuwa wanaongea! Mmoja anasema, mwingine anajibu, wanacheka. Mimi nimesimama hapo kama nguzo ya stima.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema hizi ni za jana, tungoje gunia lingine."

"Wewe umesikiaje?"

Mke wangu akainua kichwa. "Kwa masikio, baba. Kwani yako umeyaacha nyumbani?"

Mwenye omena alicheka mpaka leso ikamtoka. Ndipo nikauona mdomo wake, na ndipo nikaelewa alichosema baadaye: "Mpe kikombe cha supu ya omena, itamzibua."

Kicheko chao hakikuniuma. Nilishikwa na mshangao. Vipaza sauti viwili, pikipiki, soko zima likipiga kelele, na mwanamke ananong'ona nyuma ya kitambaa, na mke wangu anamdaka bila hata kuacha kuchambua omena. Nilikuwa nimeishi na huyu mwanamke tangu ujana wetu na sikuwahi kujua anaweza kufanya jambo kama hilo. Halafu nikatazama soko na kuona kwamba kila mtu alikuwa akilifanya.

Watoto wangu waliniambia kuna kliniki ya masikio Homa Bay. Nikaenda. Dada mmoja kijana aliniingiza kwenye chumba kidogo chenye kuta za sifongo, akanivisha vitu masikioni. Kwanza filimbi ndogo ndogo. Zile nyembamba sana, za juu, sikuzipata. Sikujali, nani anahitaji filimbi? Kisha akacheza sauti ya mtu anayetaja maneno, akaniambia nirudie. Nikarudia mengi, nikaona nimemshinda. Kisha akaweka nyuma ya yule mtu sauti za watu wengine wengi wakiongea, kama hotelini saa ya chakula. Nikazama. Yule mtu alikuwa bado yupo, nilisikia sauti yake, lakini maneno yake yalikuwa yameyeyuka ndani ya yale mengine.

"Mzee," yule dada akasema aliponifungulia, na alinikabili kabla ya kusema, "sikio linaleta kila kitu. Kuchagua kunafanyika kichwani. Lakini sikio likichoka linaleta vitu vimefifia, kichwa kinakosa cha kuchagua."

"Chekeche limetoboka," nikamwambia. "Unga na pumba vinashuka pamoja."

Akafikiri. "Karibu hivyo. Sema pia kuna matundu yameziba kabisa."

Akanieleza kwamba hata mtoto mchanga, ukimbeba katikati ya msongamano wa watu, atageuza kichwa akisikia sauti ya mama yake. Hakufundishwa na mtu. Nilitoka nikakaa kwenye benchi nje ya lango, ziwa likiwa pale chini, na niliwatazama watu wakipita wakiongea na simu kando ya magari, nikashindwa kuondoka. Mimi nimefungua injini nyingi. Najua kitu kigumu nikikiona. Hawa watu walikuwa wamebeba kichwani mashine ambayo hakuna fundi angethubutu kuifungua, na wanaitumia kuulizana bei ya nyanya.

Alinipa kifaa cha kuweka nyuma ya sikio. Nyumbani, nikiwa na mke wangu tu, kinasaidia, sikatai. Lakini alinionya: "Kwenye watu wengi, kelele nayo itapanda." Ikapanda kweli.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Kitinda mimba wetu ni msichana anayeshona sare za shule mjini Migori. Alipata mwanamume wa kisiwani Takawiri, fundi wa mashua, na watu wake wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza. Kwetu wageni wa namna hiyo hupokewa vizuri, kuna hema, kuna muziki, kuna wazee wa pande zote mbili. Na siku hizi, kabla ya chakula kuguswa, binti huitwa mbele ya watu na baba yake humuuliza kama anawajua wageni na kama amekubali. Wengi wanaona ni mchezo tu. Mimi sioni mchezo. Dada yangu mkubwa hakuulizwa. Walimjibia. Kwa hiyo nilimwambia binti yangu, mama yake akiwepo: "Siku hiyo nitakuuliza mimi, na nitasikia kutoka mdomoni mwako. Sitakubali neno la kuletewa."

Ndugu yangu mdogo, mtu wa maneno mengi, akaja kuniona kabla ya siku hiyo.

"Omera, ndugu yangu, wewe utakaa tu. Mimi nitasikia kwa niaba yako."

"Na utakula kwa niaba yangu?"

"Usiwe mkali. Wageni wakijua husikii watatucheka."

"Mimi ndiye baba yake. Kama nitachekwa, nichekwe nikiwa nimekaa mahali pangu."

Akaona sitarudi nyuma, akaenda kunitafutia msaada kwa njia yake. Na hapa lazima niseme ukweli, yeye na wenzake walifanya kwa heshima. Waliwaza hivi: mzee hasikii vizuri, basi asogezwe karibu na sauti. Nilipotoka nyumbani na koti langu nilikuta kiti changu kimefunikwa kitenge kizuri, mbele ya wazee wote, na kando yake, karibu kunigusa bega, spika nyeusi yenye kimo changu.

"Hapo, jaduong', mzee wetu," ndugu yangu akasema akinishika kiwiko, amefurahi. "Hapo hakuna neno litakalokupita."

Mtu ambaye hajapoteza masikio hawezi kujua kiti hicho ni nini. Wageni walifika, wakapangwa, hotuba zikaanza, na kila mzungumzaji alinipiga kifuani kama mtu anayetwanga. Nyuma ya nyumba jenereta inanguruma. Kati ya hotuba na hotuba, ngoma ya ohangla. Nilitoa kifaa changu nikakitia mfukoni kabla hakijanipasua kichwa. Watu walipotikisa kichwa nilitikisa. Walipocheka nilicheka, nikachelewa kidogo, nikaona mzee mmoja wa wageni ananitazama.

Binti yangu akaletwa, mabinamu wakimzunguka na kuimba. Akasimama mbali, mwisho wa hema, na wakampa kipaza sauti. Nikasimama. Sauti yangu mwenyewe haina shida.

"Nyathina, mwanangu," nikasema, "hawa watu unawajua? Na umekubali?"

Akainua kile kipaza sauti mdomoni. Ngumi yake na kile kitu cheusi vikafunika midomo yote. Akasema. Spika ikalipuka begani kwangu. Nilijua tu kwamba alisema jambo refu kuliko "ndiyo," na kwamba kabla mabega yake hayajatulia wanawake walikuwa wamepiga vigelegele, na ndugu yangu amenyoosha mkono juu kama aliyefunga bao.

Mshereheshaji akanigeukia. "Jaduong', umemsikia binti yako?"

Hema lote likanitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu angefurahi na samaki wangeletwa.

"Sijasikia," nikasema.

Ndugu yangu akainama sikioni mwangu. "Amekubali! Keti!"

"Sikukuuliza wewe."

"Omera, unatuaibisha."

"Arudie."

Akarudia. Na yule wa mitambo, kwa kunihurumia, akaongeza sauti. Kitenge cha kiti kilitetemeka. Nikamfanyia ishara azime. Akazima, lakini hema lililojaa watu halizimwi. Walianza kunong'onezana kila upande, jenereta nayo iko palepale, na binti yangu aliposema kwa mara ya tatu nilipata sauti yake bila maneno, kama mtu anayeongea chini ya maji. Niliona mke wangu ameinamisha kichwa.

Ndipo binti yangu akampa mtu kile kipaza sauti, akapita katikati ya wageni wote, akanishika mkono wa koti. Alinisemesha usoni, karibu.

"Baba, twende kisiagi."

Kisiagi kiko pale pale uani, karibu na barabara. Tukaenda, yeye na gauni lake, mimi na koti langu. Nilipogeuka niliona ndugu yangu anatufuata, na mzee wa wageni, na mabinamu, wote wanataka kujua. Walisimama mlangoni. Binti yangu akawatazama, kisha akaniangalia, akasema kwa midomo tu: "Washa."

Nikavua koti. Nikashika hendeli. Injini ile siku nyingine hunisumbua, siku hiyo iliitika mara moja, ikakohoa moshi, ikashika. Sakafu ikaanza kutetemeka, vumbi la unga likashuka kutoka darini, na wale mlangoni wakarudi nyuma wakiwa wameziba masikio. Tukabaki wawili. Mwanga wa mlango ulimpiga usoni vizuri.

"Nimekubali," akasema.

Nililipata lote. Nikaegemea gunia.

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Hakuna."

Halafu nikauliza swali ambalo baba wa kwetu hamuulizi binti yake, kwa sababu penye utulivu aibu ingewaua wote wawili. "Kwa nini yeye?"

Hakuangalia chini. "Kwa sababu hunigeukia kabla ya kusema."

Nilimtazama. Akaona sijafika, akagusa masikio yake. "Baba, mimi pia. Tangu yale ya usaha."

Alipokuwa mdogo masikio yake yalitoa usaha, msimu kwa msimu. Tulitia mafuta ya vuguvugu kama watu wote. Yalikauka, tukashukuru Mungu, tukasahau. Yeye hakusahau. Shuleni alijikalisha mbele. Watu walimsalimia kwa nyuma akapita, wakasema anaringa, akaona afadhali aitwe mwenye maringo. Yote haya alinieleza pale, injini ikipiga, uso wake ukibadilika kwa kila neno.

"Mama yako anajua?"

"Hajui. Alijua mchumba wangu tu. Sasa na wewe."

"Na humu umezoea kusoma mdomo, kama mimi."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Humu nasikia."

"Unaona midomo."

"Nasikia, Baba. Injini ikiwaka sauti yako inanijia wazi kuliko mezani."

Sikuamini. Nikamgeuzia mgongo, nikatazama ukuta, nikafunika mdomo kwa kiganja, nikasema kama ninavyosema humo siku zote, kwa kifua: "Inua mkono wa kushoto." Nikageuka.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu. Alikuwa anacheka.

Nimeona ng'ombe akizaa mapacha. Nimeona upepo wa ziwa ukibeba paa la kanisa likiwa zima. Sijawahi kusimama kama nilivyosimama hapo. Baadaye yule dada wa kliniki alimpima na kunieleza: kuna masikio yaliyoharibika mlangoni, ndani yakabaki mazima. Mngurumo haupenyi vizuri kuingia ndani, na sisi wengine penye mngurumo tunapaza sauti bila kujua, kwa hiyo mtu wa namna hiyo anaipata sauti na kelele inabaki nje. Nilimwomba anieleze mara ya pili, na bado nikitembea peke yangu ninalirudia. Kelele ile ile. Mimi inanizamisha, yeye inamwinua. Tulikuwa tumesimama ndani ya mngurumo mmoja, kila mmoja kwa njia yake, na tulikuwa watu pekee hapo nyumbani walioelewana.

"Ulisema nini pale hemani?" nikamuuliza. "Ilikuwa ndefu."

"Nilisema ndiyo. Kisha nikasema, mtu wa kule akitaka kuongea na mimi, anigeukie, kwa sababu masikio yangu si mazuri. Nilitaka wajue leo, kabla sijaenda kukaa kwao. Walipiga vigelegele nilipofika kwenye ndiyo."

"Na mara ya pili?"

"Pia."

"Nikawaambie?"

Hapo ndipo nilipomwona anaogopa. Alikunja pembe ya gauni, akaiachilia. "Waambie. Kama watarudi kwao, warudi leo."

Nikazima injini. Nikavaa koti. Tulirudi hemani na mshereheshaji akaninyooshea kipaza sauti, nikakipita. Nikaenda nikasimama katikati ya wageni, mahali ambapo kila mmoja wao angeuona uso wangu.

"Binti yangu amesema ndiyo," nikasema. "Nimeisikia mwenyewe. Na alisema jambo la pili, ambalo ninyi wote wenye masikio mmelifunika kwa vigelegele." Nikawaambia neno kwa neno. "Kama kuna mtu analiona ni dosari, aseme sasa, chakula hakijaguswa."

Yule fundi wa mashua alikuwa amesimama kabla sijamaliza. Lakini sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama wazee, na wazee walikuwa wakitazamana. Ndipo shangazi mmoja wa yule fundi, mama mnene aliyevaa kilemba, akapiga paja lake, akanigeukia.

"Ndiyo maana! Siku ile pale kwetu nilimsalimia akiwa anaosha sufuria, hakuitika. Nimekaa na hilo moyoni mpaka leo! Nilisema kijana wetu analeta mtu wa maringo."

"Ulikuwa nyuma yake, mama," yule fundi akasema.

"Sasa mimi ningejuaje kuna mbele?"

Watu wakacheka, nami safari hii nikacheka kwa wakati. Yule mama akainuka, akavuta kanga yake, akapita kati ya viti na kumzunguka binti yangu mpaka akawa mbele yake kabisa. Akamshika mikono miwili. Akamsalimia upya, polepole, kama mtu anayeonana naye kwa mara ya kwanza. Binti yangu akaitika. Mzee wa wageni akanitazama, akasema kwa mdomo mpana kama mtu wa kisiagi: "Ochwa, tule." Mkwe wetu, tule.

Chakula kikaletwa. Nilikaa kwa wageni, sikurudi kule mbele. Muziki uliwashwa tena na hema likajaa midomo, watu wanaongea wakitafuna, wanaongea wakiwa wamepeana migongo, mmoja anaita chumvi kutoka meza ya mbali na mwingine anampa bila kugeuka. Mwisho wa meza yule fundi aligusa ubao kwa kidole, binti yangu akainua macho, naye ndipo akasema. Sijui alisema nini. Niliwatazama wote, nikiwa nimeshika tonge ambalo sikulila, mpaka mke wangu akaja akainama mbele yangu na kuniuliza kama samaki hanipendezi.

"Ni mzuri," nikamwambia. "Ila nina kazi. Naangalia watu wakisikia."